Famille ya Minda

Papa Rigobert alifanya kilio ya mama mumoya mwenye hata muntu mumoya wa Bel-Air, quartier yetu ya hapa Lubumbashi, hakumuonaka na macho. Na haikukuwa kilio ya muchezo. Bâche mbili za kufunika bantu, viti ya plastiki mpaka katikati ya avenue, mbuzi, bière, sono ya muziki, matawi ya ngazi, muti wa mawese, ku coin juu kila mwenye kupita ajue kama kufa iko hapa. Miye nauzisha pagne, bitenge ya bamama, na muntu wa pagne hakosake kilio, juu kule njo bamama banaangaliana nguo. Nilisha kuona ba-directeur ba mine benye balizikwa na viti kidogo kupita ile. Na huyu mama wa kulilia alikufia kwao, ku Philippines, ngambo ya bahari zote, na maiti yake ilikuwa ingali kule.

Musinisikie mubaya. Papa Rigobert haiko muntu mubaya. Nasema vile mbele, juu kuko benye batasema Maman Kapinga iko na wivu, Maman Kapinga iko na ulimi murefu. Ulimi murefu, ile ni kweli. Wivu, hapana. Papa Rigobert ni muntu wa transit, iko na ba-camion zenye zinaingiaka na kutokaka ku Mokambo, ku mpaka ya Zambie, na kila mwaka ku fête ya paroisse anatupatia bâche na viti bila kulipisha. Mutoto yangu Hénoc alikuwa anatumika kwake, kule kule Mokambo, mu bureau ya kufanya ba-déclaration ya bintu yenye inapita mpaka. Unaona sasa: miye na Papa Rigobert, salamu yetu ilikuwa muzuri kabisa. Kasoro yake ni moya tu, anapenda bantu bamuone. Kama anakupatia maji, lazima avenue yote ijue kama ulikuwa na kiu.

Minda, jina yake ya kweli ni Luzviminda. Bel-Air ilijaribu kuisema, ikachoka, ikabakia na Minda. Alikuya juu ya kuchunga mama ya Papa Rigobert, Nkambo Edith, mwenye miguu ilikatala kutembea. Hapa kwetu bantu ba feza balianza kutafuta ba-Philippines sawa vile balitafutaka groupe électrogène ya kutosha courant: jirani akiwa nayo, na weye unaitaka. Agence moya ya Dubai njo ilimutuma, na contrat ya miaka mbili. Miaka mbili ikaisha. Ya tatu ikaingia bila kubisha hodi. Akiuliza, Papa Rigobert anacheka: “Minda, unaenda wapi? Na mama yangu utamuachia nani?” Passeport yake ilikuwa mu coffre, sanduku ya chuma ya kufunga na funguo, mu chumba ya Papa Rigobert na bibi yake Christiane, tangu siku alishuka ku ndege. Juu ya usalama, njo vile alisema. Bamwizi beko mingi. Ile pia ni kweli, bamwizi beko mingi.

Swahili yake ilitoka mu kinywa ya Nkambo Edith, juu Nkambo hasikie français. Kwa hiyo mwanamuke wa miaka makumi tatu na kitu alikuwa anasema Swahili ya bamama bazee ba camp ya chemin de fer. “Mulilamuka bazima, bana bangu?” Na anakohoa kidogo mbele ya kuanza, juu Nkambo anakohoaka. Bamama balicheka mpaka machozi. Kiisha balimupenda.

Dimanche alikuwa anasukuma Nkambo mu kiti ya magurudumu mpaka ku misa, na mercredi mpaka ku shirika yetu, sala ya bajirani mu nyumba za bantu, yenye miye niko mukubwa yake. Njo fasi tulimujulia. Siku ingine ya kutoka hakuwa nayo. Nilimuuliza mara moya: “Minda, na siku ya kupumzika?” Akajibu: “Napumzikaka wakati Nkambo analala.” Nikasema bon, na Nkambo analala wakati gani? “Nkambo halalake, Maman.” Alicheka yeye mwenyewe. Miye sikucheka.

Habari ya kufa ya mama yake ilikuya mu téléphone, lundi asubuyi, wakati alikuwa anamuosha Nkambo. Nkambo mwenyewe njo alinihadisia. Minda alisoma, akaweka téléphone pa dirisha, akamaliza kumupakaa mafuta ku miguu mpaka ku bidole, akamuvalisha, akamufunga kitambaa ku kichwa. Kiisha njo aliikala chini pa ciment na kulia. Kwao maiti haizikwake mbio. Banaiweka mu salon, mu sanduku yenye kioo, taa inawaka muchana na usiku, banangojea batoto benye beko mbali. Kaka zake balimuandikia: tutakungojea mpaka dimanche, kupita dimanche hatuwezi tena.

Alienda pale pale kumuona Papa Rigobert, mikono ingali na mafuta. Akaomba passeport.

Na Papa Rigobert alilia. Ile nataka muijue. Alilia machozi ya kweli, akamukumbatia, akasema: “Mama yako ni mama yangu! Nitamufanyia kilio yenye Lubumbashi haiyaonaka.” Minda akasema: “Aksanti, Papa. Na passeport?” Akajibu: “Kwanza kilio. Mambo ya safari tutaona kiisha.” Akashika téléphone, akaanza kuitisha bâche.

Mu kichwa yake alikuwa alisha kumaliza maneno. Njo kitu yenye inanikasirisha na bantu ba hapa kwetu, na miye ni mumoya wao. Tukipata kufa, tunatafuta viti. Viti ikisha kufika, tunaona kama kazi imekwisha, tunaulizana bière iko wapi.

Mardi Papa Rigobert alinipigia. Sauti yake ilikuwa chini, na ile haiko kawaida yake. “Maman Kapinga, kuko problème ya protocole.”

Kilio iko na sheria yake. Kuko mwenye nyumba, na kuko famille ya mwenye alikufa. Mwenye nyumba anatoa bâche na chakula, lakini famille njo iko na mudomo. Famille njo inapokea pole, inasema kufa ilifika namna gani, inasema aksanti, inafunga kilio. Isipofunga, kilio inabakia wazi, na hakuna muntu wa heshima mwenye atapenda ile mu nyumba yake. Na famille ikiomba kitu mbele ya bantu, mwenye nyumba hakatalake. Nilisha kuona mukwe mumoya, hapa hapa mu commune yetu ya Kampemba, alitosha saa ku mukono akaiweka pa mukeka, juu bajomba ba bibi yake mwenye alikufa balisema bila ile hatuzike. Na saa yenyewe ilikuwa ya baba yake.

Sasa Minda hakuwa na famille hapa. Kupita ile, alikuwa alisha kumuambia Papa Rigobert kama kwao muntu wa kufiwa hasemake aksanti kwa benye kuleta pole, na hasindikizake mugeni mpaka ku mulango. Ni mwiko. Kufa inaweza kurudia nyumba ile ile. Papa Rigobert aliogopa kweli. Kilio mukubwa vile, na mwishoni hakuna mwenye kusema aksanti? Na bantu bote bakiangalia?

“Shirika yenu isimame famille,” akaniambia. “Weye utakuwa mama yake mudogo. Utasema aksanti, utafunga, ni mot kidogo tu. Nitabapatia pagne ya kufanana, bote.”

Nilimuambia nitawaza. Zile pagne alizinunua kwangu miye mwenyewe, ile pia niseme. Lakini kwanza nilienda kumuona Minda.

Nilimukuta mu cuisine, anakoroga uji ya Nkambo. Machozi yake ilikuwa ilisha kukauka, anakoroga tu. Kiisha alinipeleka mu chumba yake, kachumba ka nyuma, karibu na réservoir ya maji. Mu chumba mule kulikuwa karton moya mukubwa, inafika ku kiuno. Bantu ba kwao banajazaka karton sawa ile polepole, miezi na miezi, kiisha banaituma nyumbani. Alifungua akanionyesha: sabuni, maziwa ya unga, malapa, ba-tricot ya batoto ba kaka yake, na juu ya yote pagne moya yenye kuchorwa ndege ya majani-kibichi. Niliijua. Miye njo nilimuuzishia, alilipa kidogo kidogo, na nilimuulizaka utaivaa siku gani, akasema haiko yangu, ni ya mama.

“Minda,” nikasema, “unataka hii kilio?”

“Papa anafanya na roho muzuri, Maman. Siwezi kukatala.”

“Sikukuuliza ile. Unataka nini?”

Alikunja pagne, akaifungua, akaikunja tena. “Nataka kwenda kumuzika na kumufunika hii. Ni ile tu. Miaka yote hii naosha mama wa bantu. Wangu sikumuosha hata mara moya.”

“Contrat yako inasema nini?”

“Inasema passeport ni yangu. Inasema tiketi ya kurudia ni juu ya patron. Nilimuonyesha Papa. Alisema karatasi ya Dubai haitawale nyumba yake.”

“Na jana, ulimuomba tena?”

“Nilimuomba asubuyi. Nilimuomba saa sita. Nilimuomba mangaribi.”

“Akasema nini?”

“Aliniletea soda.”

Ile soda njo ilinipandisha hasira. Sijui juu ya nini, kati ya mambo yote ile, ni soda. Nilisimama mu kachumba kale, nikaangalia chupa pale pa meza, hakuifungua hata. Kuko fasi za kupeleka mashitaki, ninajua, lakini mashitaki inaomba wakati, na dimanche ilikuwa karibu. Nikamuambia: “Bon. Miye ni mama yako mudogo.”

Mercredi Hénoc alinipigia toka Mokambo. Bureau yote kule ilikuwa inasema juu ya kilio.

“Mama, banasema uko famille ya Minda.”

“Njo vile.”

“Mama, nakujua. Usilete bintu. Patron ni patron.”

“Nitasema aksanti tu.”

Na sikumudanganya. Ile saa sikukuwa nilisha kukata shauri. Mutoto yangu ni mumoya, kazi mu Lubumbashi haiokotewake mu barabara, na ku Mokambo alikuwa anapata kitu ya kututunza bote wawili. Nililala na ile, nikaamuka na ile. Hakuna mwenye kunisaidia kuibeba.

Jeudi, kupita saa nane, avenue ilijaa. Bâche ya Papa Rigobert iko na jina ya maison yake ya transit, maandiko makubwa ya rangi ya bleu juu ya kichwa ya bantu bote. Balifanyisha photo ya mama ya Minda, balitosha mu téléphone, balikuza mpaka sura ikakuwa sawa ukungu. Balizungusha maua ya plastiki. Minda alikuwa chini pa mukeka, miguu wazi, kichwa kufungwa na pagne, na Nkambo Edith pembeni yake mu kiti ya magurudumu, anamushika mukono. Sisi bamama ba shirika tulikuwa nyuma yao na pagne yetu ya kufanana, bunono, kupendeza kabisa. Maman Mwansa, mwenye sauti kupita sisi bote, aliimbisha mpaka baume ba mbali balisimama. Christiane, na nguo ya weusi, alikuwa anapita na sahani za nyama. Mwanamuke wa kusema kidogo, Christiane. Hakumuangalia muntu mu macho.

Papa Rigobert alishika micro. Alisema muda murefu. Alisema juu ya roho ya Afrika, juu ya bantu ba mbali na bantu ba karibu. Alisema: “Mu nyumba yangu hakuna mugeni! Minda ni mutoto yangu. Kila kitu mutoto anaombaka kwa baba yake, miye natoa!” Bantu balipiga makofi, na miye nilipiga. Nilipiga sana, hata.

Protocole, mwenye kuongoza kilio, alikuwa Papa Antoine, catéchiste wetu, muntu wa kuheshimu mipango kupita Papa wa Roma. Akasema mu micro: “Sasa tunapatia famille mudomo. Mot ya aksanti, na kufunga kilio. Maman Kapinga.”

Nikasimama. Nilianza na aksanti, kweli kweli. Aksanti juu ya mbuzi, juu ya bière, juu ya bâche, juu ya muzee mumoya mwenye alitoka mbali, Lukafu, na kuku mbili bila hata kujua alikuya kumulilia nani. Avenue ilifurahi. Papa Rigobert alikuwa anatikisa kichwa polepole, sawa muntu anasikiliza jina yake mu radio.

“Lakini mbele ya kufunga,” nikasema, “famille iko na neno.”

Baume baliweka machupa chini. Mu kilio, famille ikiwa na neno, njo fasi ya utamu, hata mwenye alikuwa anaenda kukojoa anarudia.

“Papa Rigobert, ulitupatia mutoto, tulipokea. Ni wetu. Sasa mama ya mutoto wetu iko analala mu salon kule kwao, taa inawaka, kaka zake banamungojea mpaka dimanche. Sisi famille tunakuya kubeba mutoto wetu aende kuzika. Hatuombe mbuzi. Hatuombe pagne, tuko nayo. Tunaomba passeport yake yenye iko mu coffre, na tiketi yenye contrat inasema. Bintu yake tu.”

Papa Rigobert alicheka. Aliona kama ni maneno ya kupamba. Kiisha aliona sura yangu.

“Maman Kapinga, ile ni mambo ya bureau. Tutaongea kesho, ndani, sisi wawili.”

“Kesho famille haiko. Famille iko leo, na iko na mukeka.” Na nikaikala chini. Maman Mwansa akaikala. Bamama bote ba pagne ya kufanana baliikala chini, mumoya mumoya, miguu mbele. “Hatufunge,” nikasema.

“Nani alikupatia mudomo, weye?”

“Ni weye. Mardi. Na pagne juu yake.”

Bantu balicheka, na tuko mu kilio! Papa Rigobert alimugeukia Papa Antoine amusaidie. Masikini Papa Antoine, jasho ilikuwa inamutoka, na yeye pia anakunywaka bière ya Papa Rigobert ku fête. Aliangalia micro. Akasema: “Kweli, Patron, mu coutume, kilio haiyafungwa.”

Pale njo Papa Rigobert alikasirika, na hasira ilimutosha maneno yenye alikuwa alificha. Alisema bila micro, lakini avenue yote ilisikia: “Na akienda? Asiporudi? Nani ataosha mama yangu?”

Bantu bote baligeuka kumuangalia Nkambo.

Nkambo Edith hasikiake muzuri ku sikio ya kuume, lakini ile aliisikia. Alikohoa kidogo, vile anakohoaka. “Rigobert,” akasema, “uko na mikono.”

Papa Rigobert aliinama kumushika bega.

“Mama ya muntu anaoza kule sababu ya mavi yangu?” Nkambo alisema. “Naona haya. Mbele ya bantu bote hawa, mwana wangu, naona haya.” Na alianza kulia, na Minda, mwenye alikuwa wa kufiwa, njo alitosha kitambaa na kumupanguza.

Christiane njo alitembea wa kwanza. Aliweka sahani za nyama pa kiti, akaingia mu nyumba. Alikawia kidogo. Alirudia na passeport mu sachet ya congélateur, akapita mbele ya bwana yake bila kusimama, akaipatia Minda mu mukono. Minda aliifungua, akaangalia photo yake, akasoma jina yake na kidole. Kiisha akaingiza mu kifua, chini ya nguo.

Hakusema aksanti. Kwao ni mwiko, na miye njo nilikuwa wa kusema. Miye pia sikusema. Kitu ya muntu, unaisemea aksanti juu ya nini?

Tiketi, Papa Rigobert aliitisha pale pale na téléphone, sauti juu kabisa, haut-parleur, bantu basikie: aller simple, ya kwenda tu, haraka, bei haina maneno. Alikuwa alisha kurudia mu sura yake ya kawaida. Tulimupigia makofi, na nasema kweli, yalimustahili. Kiisha nilisimama nikafunga kilio, na bantu balirudia kwao na hadisi ya mwaka muzima.

Vendredi tulimusindikiza ku Luano, ku kiwanja ya ndege. Karton aliacha, ndege haikuitika. Alibeba pagne ya mama yake tu, mu sac ya mukono. Mbele ya kuingia alimushika Christiane pembeni, akamuonyesha na bidole ku mukono yake mwenyewe: kisigino ya kushoto ya Nkambo usikande na nguvu, mafuta ipashwe moto kwanza, na usiku akiita jina ya mukubwa wake mwenye alikufa, usimuambie alikufa, muitike tu. Christiane alikuwa anaitika na kichwa, sawa mwana wa masomo. Papa Rigobert hakukuya. Alimutuma chauffeur na soda kwa njia.

Dimanche tulikuwa kwangu, shirika yote, wakati vidéo ilifika. Tuliikala karibu karibu, téléphone moya, bichwa kumi na kitu. Kulikuwa mvua kule. Tuliona kaka zake, bafupi sawa yeye, na maparapluie. Tuliona sanduku inashuka, na juu yake pagne yangu, ndege ya majani-kibichi, inalowa maji. Minda alitupa udongo. Kiisha aligeuza téléphone ku sura yake, macho yamevimba, akakohoa kidogo, na akasema na Swahili ile ya Nkambo: “Bamama, tulisha kumuzika.”

Tulilia sisi bote. Jeudi, nawambia kweli, tulililia nyama ya mbuzi. Ile ya dimanche njo ilikuwa kilio.

Lundi balimuambia Hénoc kama kazi imekwisha. Papa Rigobert hakupiga kelele, hakunitukana. Alituma message kupitia secrétaire. Ku misa ananisalimia na kidevu. Bâche ya paroisse sasa tunalipa franga kwa muntu mwingine, na kuko bamama ba shirika benye bananikumbushaka ile kila mwaka. Christiane njo anaosha Nkambo. Samedi, banasema, ni Papa Rigobert mwenyewe anaosha. Sikuona, nahadisia vile nilisikia.

Hénoc aliikala mu nyumba wakati murefu. Alipeleka karatasi fasi zote. Hakunilaumu na maneno, na ile njo iliniuma kupita maneno. Kiisha siku moya alikuya na furaha: agence moya, kule kule Dubai, banamutafuta muntu wa dépôt ya bintu, contrat ya miaka mbili, chambre, chakula. Bajirani balikuya kunipatia félicitations. Maman Mwansa aliimba mu parcelle yangu. Niliimba na miye.

Nilimuandikia Minda. Yeye pia alikuwa anatayarisha kutoka tena, safari hii Singapour, juu batoto ba kaka yake bangali ku masomo. Alinijibu na sauti, nikaiweka Hénoc asikie.

“Maman, muambie Hénoc. Akifika kule, kutakuwa muntu muzuri. Anacheka, anamupatia chakula, anamuita mutoto yangu. Ule muntu atasema: leta passeport nikuwekee, bamwizi beko mingi. Ni muntu muzuri kabisa, Maman. Asimupatie.”

Hénoc alisema: “Nilisikia, nilisikia.” Nilikuwa na suruali yake pa magoti, namushonea mufuko ya ndani, upande wa tumbo, na kitambaa ya pagne yenye ilibakiaka ya kilio.

“Na bakikukamatia ile passeport,” nikamuuliza, “kule, nani atasimama famille yako?”

“Mama, acha.”

Nikauma uzi na meno, nikaanza kushona mara ya pili juu ya ya kwanza.